Keti Kwanza Anaaga Dirisha la Pili

Tarehe thelathini ya mwezi huu, afisa uhamiaji wa dirisha la pili, ambaye ninyi wenzake mnamwita Keti Kwanza, anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu katika kituo hiki cha mpakani. Kamati ya sherehe ilitafuta mtu anayemfahamu vizuri aandike wasifu wake. Wakaja kwangu, mpishi mstaafu wa kantini, na wala hawakukosea nyumba, maana nimemfahamu tangu hajazaliwa. Mimi ndiye mama yake. Nimeishia darasa la saba, kwa hiyo mtanisamehe mkato ukikosa mahali pake, ila kwa sifa hamtapungukiwa.

Aliingia kazini akiwa na miaka ishirini na miwili. Wapo walionong'ona kwamba mpishi kampitisha bintiye mlango wa jikoni. Waongo hao. Alifanya usaili na wenzake akawapita wote, na mkuu wa usaili hakuwahi kula kwangu hata kijiko. Mwaka wa kwanza akapewa geti, akashinda juani akiinua na kushusha kizuizi. Wa pili wakampeleka kwenye ukaguzi wa mizigo. Wa tatu akakaa dirishani, na hapo ndipo wengi wenu mlipomkuta.

Jina alilipata kwa sababu ya benchi. Zamani msafiri aliyetiliwa shaka alisimamishwa pembeni, uso ukutani, mpaka mkubwa amalize chai yake. Binti yangu akachukua benchi bovu la kantini, bila kuniomba, akaligongelea misumari na kuliweka mbele ya dirisha lake. Uje na hati nzuri au mbovu, neno la kwanza ni lile lile: keti kwanza. Wenzake wakamcheka, wakamuuliza kama anafungua saluni. Baadaye wakaona kwamba mtu aliyeketi hueleza mambo yake yakaeleweka, na mwongo naye hujikanyaga mapema. Aliwahi kumnasa tapeli wa pasipoti za bandia kwa kumsikiliza tu, akiitikia "enhe, enhe", mpaka yule bwana akajikuta ana mama wawili.

Msidhani ni mlegevu. Mjomba wake, kaka yangu wa tumbo moja, alikuja kwenye harusi ya familia na hati iliyokwisha muda. Akaketishwa, akaamkiwa kwa heshima zote, akapewa maji, akaelekezwa ofisi ya kutengenezea hati upande wa pili, akarudishwa. Nilitoka jikoni na mwiko mkononi. Haukusaidia kitu. Kaka akaikosa harusi, akafika wiki iliyofuata na hati mpya, akala makombo. Mimi mpaka leo nasema angefumba jicho moja. Yeye anasema akilifumba kwa mjomba, kwa mtoto wa mwenzie atalifumbua kwa haki gani. Tumeliacha hapo.

La basi siwezi kuliruka, hata kamati ikikunja uso. Lilifika mchana mmoja limejaa watu, wengi wao wakikimbia vurugu kwao. Kesho yake mgeni mkubwa alikuwa anakuja kukagua kituo, na mkuu wa kituo wa wakati ule alitaka uwanja uwe mweupe. Akaamuru basi zima lirudi lilikotoka, na binti yangu, kama kiongozi wa zamu, atie sahihi.

Hakutia. "Sheria inaniruhusu kumrudisha mtu, mkuu," alimwambia. "Hainiruhusu kurudisha basi."

Mkuu akamwambia achague, sahihi au kazi. Siku zile mumewe, fundi seremala, alikuwa kitandani na mguu uliovunjika, watoto wako shule, na mshahara unaoingia nyumba ile ulikuwa mmoja tu. Mimi nilikuwa nasikiliza kwenye kidirisha cha jikoni. Mboga ikaungua sufuriani.

Binti yangu akaita mkalimani, akaanza kumsikiliza mmoja baada ya mwingine. Mama mwenye mtoto mgongoni, ambaye nyumba yake ilichomwa moto, akaingia kuomba hifadhi, na wengi wa namna yake. Waliodandia basi kutafuta maisha bila vibali akawarudisha, akiwemo kijana mmoja fundi wa pampu, aliyekiri waziwazi kwamba hakukimbia chochote ila ukosefu wa kazi. Mgeni mkubwa alipofika, alikuta watu wamelala kwenye kantini yangu.

Kazi haikumtoka, ila malipo ya binti yangu yalikuwa kushushwa cheo na kupelekwa stoo ya magodoro. Hakunung'unika, na stoo ile haijapangwa vizuri namna ile tena. Mkuu yule alipohama akaja mwingine, akauliza habari za siku ile, akataka kujua afisa wa namna hii anafanya nini kwenye magodoro. Akamrudisha dirishani. Cheo nacho kilimrudia, kwa mwendo wa kinyonga. Tangu hapo hakuna anayerudishwa katika kituo hiki kabla ya kusikilizwa, na maafisa wapya wote yeye ndiye aliyewafundisha. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu nimemsifu tangu anatambaa, na tembo bado kali.

Kisha siku moja, nikiwa napeleka chai madirishani, nikamwona yule fundi wa pampu kwenye foleni. Dirisha la kwanza lilikuwa tupu, yeye akang'ang'ania la pili. Alipofika mbele akatoa kibali cha kazi, halali kabisa.

"Wewe ndiye uliyenirudisha," alisema. "Lakini ulinisikiliza mpaka mwisho. Ndiyo maana safari hii nimekuja na karatasi."

Binti yangu akagonga muhuri, akamwita anayefuata.

Kwa niaba ya kituo, na ya jiko lililomlea, tunamshukuru kwa kazi yake yote. Mwanangu, nenda kapumzike sasa. Mumeo anakungoja, na vitukuu wangu wamenichosha ilhali bibi yao ni wewe. Mungu akupe umri mrefu na afya, na popote utakapobisha hodi, akutokee mtu wa kukusikiliza mpaka mwisho, hata kama jibu lake ni hapana.