Nusu ya Namba na Sita

Pale Katindo mzee mmoja alidandia basi ghafla, akabanana na Domitille, msichana wa shule, na kusoma daftari lake bila hodi: "Nusu ya namba na sita ni kumi." Akacheka. "Namba ni munane, mutoto wangu. Kata nusu, ongeza sita."

"Hapana, papa. Unaongeza sita kwanza, ndiyo unakata nusu. Ni kumi na ine."

"Kamuulize mwalimu wako!"

"Bomu ilimuua. Tulimuzika jana. Nilikuwa nimemuahidi jibu leo."

Mzee alilitazama daftari tena. "Lakini ni munane," akanong'ona.

Basi lilisimama kando ya makaburi. "Hakuna basi ingine leo," dereva alionya. Mvua ilikuwa ikinyesha, na Majengo, kwao Domitille, bado mbali. Domitille aliandika majibu yote mawili, akashuka.