Ukurasa Niliokunja

Sogezeni viti, Loretta na Clyde, mzime na hiyo televisheni, maana pumzi niliyobaki nayo haitoshi kushindana na mpira. Nyumba ni yenu wawili. Msiigawe mkiwa na hasira. Gari ni la Clyde. Ugomvi wangu na mjomba wenu Ray juu ya ule uzio nauacha hapa hapa kitandani, mwambieni ule mti wa njugu za pekani ulio mpakani ni wake na matawi yake yote. Hayo ni mepesi. Lililo zito liko jikoni, linanipashia supu.

Ninyi mnamjua Darlene Pruitt kama mama anayeniletea chakula kila Jumapili. Mimi nilimjua akiwa koplo, ana mtoto kiunoni. Nilipostaafu jeshi, kila Februari niliketi kwenye ukumbi wa kanisa nikiwajazia askari fomu za kodi ya mapato bila malipo, na foleni yangu mimi, Sajenti Hutto, ilifika hadi nje. Nilijua kuwa mshahara wa vitani hautozwi kodi, nilijua mengi. Na nisiyoyajua niliyasema kwa sauti ile ile.

Darlene akaja na karatasi ya benki. "Sajenti, riba ya mkopo wa nyumba yangu si inapunguza kodi?"

Nikamwambia, "Binti, jeshi linakupa posho ya nyumba, na posho hiyo haitozwi kodi. Sasa unataka kulamba sahani mara mbili?"

"Wenzangu kambini wanasema inaruhusiwa."

"Wenzako wanajua kulenga shabaha. Kodi niachie mimi."

Ukumbi mzima ukacheka. Naye akacheka, akatia sahihi. Miaka mitatu nilimjazia hivyo, na kila mwaka alipoteza zaidi ya dola elfu moja. Mwaka wa nne akashindwa na mkopo, benki ikachukua nyumba, akahamia kwenye nyumba ya trela nyuma ya kituo cha mafuta. Clyde, wewe ndiye uliyembebea kitanda.

Majira ya baridi yale yale nikasoma kijitabu cha serikali cha kodi za wanajeshi, nikakuta sentensi moja: riba hiyo inapunguza kodi, hata kama umeilipa kwa posho isiyotozwa kodi. Nikakunja ukurasa. Nafasi ya kurekebisha fomu zote tatu ilikuwepo bado, kazi ya mchana mmoja tu. Lakini ningelazimika kumwambia kuwa alinionya nikamcheka. Nikasema wiki ijayo. Wiki ikawa mwaka, mwaka ukawa miaka, muda wa kurekebisha ukapita. Heri kujikwaa kidole kuliko ulimi, wanangu. Kosa la kwanza lilikuwa la ujinga, na ujinga husameheka. La pili nililitenda nikiwa na akili zangu timamu, na kila Jumapili nimelila pamoja na supu yake, yeye akinishukuru kwa fomu zile.

Basi akiba yangu ya benki, dola elfu tisa, ni ya Darlene. Usinikunjie uso, Clyde. Siyo zawadi, na asiambiwe kuwa ni zawadi. Kijitabu kimo kwenye droo ya chini, chini ya soksi. Mpeni na ukurasa wake uliokunjwa. Akikasirika, msinitetee. Akiacha kuja, pelekeni ninyi chakula kwake.

Mungu awape ulimi mwepesi wa kusema nimekosea. Urithi huo sikuwa nao, ndiyo maana nauomba kwa mwingine. Pendaneni. Loretta, usimwachie ndugu yako... maji. Ahsante.

Nilitaka mmwambie nikishazikwa. Woga ule ule. Hapana. Mwiteni sasa, supu ingoje.

Darlene. Keti, mama, karibu, sauti haifiki mbali. Ile riba... siku ile ukumbini...

Ulikuwa sahihi.