Kona Iliyobaki ya Kiangazi cha Ivuna

Mheshimiwa mgeni rasmi; wajumbe wenzangu wa bodi; walimu na wazazi mliotoka Ivuna na Mbangala; na wewe Mwalimu Getruda tunayekuaga leo: kitambaa kimeondolewa juu ya zawadi yako. Nami nimeshtuka. Hotuba niliyoiandaa ilisifu picha nyingine.

Picha niliyoijua ilining'inia ofisi ya walimu miaka mingi. Mwalimu aliichora kwao Ivuna wakati wa kiangazi, kwa namna iliyoanzishwa na Wafaransa wa zamani, wachoraji waliobeba rangi zao hadi shambani ili wachore, si mti wenyewe, bali jua linavyouangukia mti kwa dakika ile. Ukiisogelea, unaona madoa matupu. Ukirudi hadi mlangoni, madoa yanakuwa nyasi kavu, vivuli vya zambarau, na joto linalotetemeka juu ya mbuga. Nani kati yetu hakuwahi kuisogelea akacheka?

Ndugu yangu Hezron na kamati yake walitaka kumkabidhi mwalimu picha yake ikiwa mpya. Wakaishusha ukutani, wakaitazama kwa karibu, wakaamini kwamba unyevu umeila. Wakamwita fundi Nikodemo, anayeandika mabango ya maduka pale Tunduma, naye kazi yake mnaiona: kila jani lina ukingo, kila ng'ombe ana miguu minne, na mabati yanang'aa mahali palipokuwa na nyasi tu. Sasa hivi ameninong'oneza kwa furaha, "Mzee, rangi zilimzidi mwalimu. Nimemnyooshea."

Mwalimu Getruda hajalalamika. Ameuliza jambo moja tu: "Scola yuko wapi?"

Wengi hamkumjua Scola. Ni mdogo wake, aliyekuwa akipita mbugani na kapu la chumvi kichwani. Katika picha alikuwa doa jeupe, dogo kuliko ukucha. Alifariki mwaka uliofuata, na nyumbani kwao hakukuwa na picha yake nyingine yoyote.

Ndugu zangu, tazameni chini, kona ya kulia. Kwa desturi yetu, zawadi huandikwa jina la anayeikabidhi. Lakini hadi asubuhi hii hatukujua kama Mheshimiwa atakuja mwenyewe au atatuma mwakilishi, kwa hiyo fundi aliiacha kona ile bila kuigusa, akisubiri jina. Mlio mbele mnaona madoa. Mlio mlangoni, semeni mnachokiona.

Naam, mama Tabita, nimekusikia. Ni mtu mwenye kapu.

Mheshimiwa, brashi iko tayari, na nafasi ile ni yako kwa haki. Umesafiri barabara mbaya kuja kutuheshimu. Nakuomba, mbele ya watu hawa wote, ukubali jina lako lisiandikwe.

Ameinuka. Ameichukua brashi mkononi mwa Nikodemo, ameitia mfukoni mwa koti lake jipya.

Sina la kuongeza. Mwalimu, njoo umchukue mdogo wako. Nanyi nyote, kwa masikio yenu na subira yenu, asanteni.