Bwana Stesheni na Ukuta Uliogeuka

Marehemu baba yetu, ambaye mji mzima ulimwita Bwana Stesheni, alizaliwa tarehe 14 Machi 1946 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu wa mpiga kengele wa stesheni. Alisoma hadi darasa la nane, akichapwa karibu kila siku kwa kuchelewa, maana alikataa kuondoka nyumbani kabla treni ya asubuhi haijapita.

Aliajiriwa kuuza tiketi mwaka 1965, akapanda hadi kuwa stesheni masta, na akabaki hapo mpaka treni ziliposimamishwa mwaka 2001. Tarehe 5 Agosti 1972 alifunga ndoa na mama, abiria aliyemwandikia tiketi taratibu mno. "Treni ikaniacha," mama husema, "nikabaki na huyu mbishi."

Mwaka 2016 barabara mpya ilitaka stesheni ibomolewe. Baba aliandika barua miaka mitano. Alituchosha sisi, akawachosha maofisa, hadi wakakubali ihamishwe mita mia nne. Kila ubao aliupaka namba kwa mkono wake, na ole wako ujaribu kumsaidia. Kumbe ukuta wa mbele aliuhesabu akiwa ndani, kushoto kwenda kulia, na fundi akaujenga akiwa nje. Ukageuka wote, dirisha la tiketi likahamia upande wa vyoo.

"Mzee, si ungeniambia?" fundi alilalamika.

"Nikwambie nini? Nani anakaa nje ya stesheni?"

Kamati ya mji ilimsihi auache, eti wageni hawatajua. Alikataa katakata, na sherehe ya ufunguzi hakuenda. Nilimwambia usoni kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Leo najuta.

Moyo ulianza kumsumbua Januari 2024. Daktari alimkataza kupanda ngazi. Wiki hiyohiyo tukamkuta juu ya ngazi, nyundo mkononi. Hospitalini alimpigia fundi simu mpaka nesi akamnyang'anya. Alifariki Jumapili tarehe 9 Juni, saa kumi jioni, nikiwa nimemshika mkono. Hakuniaga. Alisema tu, "Mwanangu, ule ukuta."

Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu saba. Wanakamati, nawaona mmekaa mbele, basi nisikieni vizuri: Jumatatu saa mbili asubuhi mimi na fundi tunaung'oa. Msije na barua.

Baba, ulitusumbua vya kutosha. Sasa pumzika kwa amani, tafadhali.