Mwalimu Sihaba Jumbe, Aliyekataza Nukta Kuhama

Mwalimu Sihaba Jumbe anastaafu tarehe 30 Juni 2026, baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha Hesabu. Alihitimu Chuo cha Ualimu Butimba, akapangiwa shule ya ng'ambo ya ziwa, Busisi, kisha akahamia shuleni kwetu Pasiansi. Kwa bahati mbaya yangu, darasa lake la Tano A limepakana na Tano B, ambalo ni langu.

Sifa yake kubwa ni desimali. Watoto wengi huamini 0.35 ni kubwa kuliko 0.4, kwa kuwa thelathini na tano inaizidi nne. Mimi nilieleza ubaoni mpaka chaki ikaisha. Yeye alipanga viti uani: makumi, mamoja, sehemu za kumi, sehemu za mia. Kila mtoto alibeba tarakimu kifuani, na mmoja, Nukta, alisimama kati ya mamoja na sehemu za kumi. Aliyekalia sehemu za kumi ndiye aliyeangaliwa kwanza, kwa hiyo Nne akamshinda Tatu, hata kama Tatu alifuatana na Tano. Wakizidisha kwa kumi, tarakimu zilihama kiti kimoja kwenda kushoto, lakini Nukta alikatazwa kusogea. Kiti kikibaki wazi, Sifuri alikimbilia kukikalia. Waligombania kuwa Sifuri! Darasa langu lote lilikuwa dirishani.

Mitaani husema mwenye wivu ajinyonge. Mimi nimeamua kuandika wasifu. Nimesoma kumzidi, na mwandiko wangu ni mzuri. Lakini wazazi wakija humuulizia yeye, na wathibiti ubora wa shule wakija kukagua huketi Tano A.

Kilichoniuma zaidi ni binti yangu, Justa. Nilimweka Tano B makusudi ili mimi baba yake nimfundishe mwenyewe. Alipofeli jaribio la desimali, nilimrudishia somo nyumbani mpaka akalia. Jaribio lililofuata akapata yote. Nilitembea kwa madaha ofisini, hadi Mwalimu Winnie aliponieleza kwamba kila mapumziko Justa alikuwa uani kwa Sihaba.

 Sihaba mwenyewe alinipongeza mbele ya wenzetu kwa jinsi nilivyomfundisha mtoto akaiva. Pongezi hizo zilinichoma kuliko kufeli kwenyewe.

Mwalimu Sihaba, kwa niaba ya wafanyakazi wote, asante sana. Tunakuombea afya njema na siku za raha pamoja na wajukuu. Nina ombi moja tu. Justa ameshaanza kuulizia njia ya kwenda nyumbani kwako. Akipiga hodi na daftari lake la Hesabu, tafadhali mwambie akamuulize baba yake.