Kiraka Anataka Kuhama Mtandao

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la kinyozi, na mguu wake mmoja umekatika ukawekewa tofali. Anayekaa upande wa tofali hatakiwi kucheka sana, asije akatuangusha sote. Ndiyo sababu pale hukaa Kiraka, fundi viatu, maana yeye si mtu wa kucheka. Spika, mwenye duka la kinyozi, hukaa katikati ili asikike pande zote mbili. Injinia, ambaye kazi yake ni kuandika mabango ya maduka lakini hakuna asilolijua, hukaa karibu na Mama Birika anayetuuzia kahawa. Mimi hukaa mwishoni na daftari langu. Nilifundisha watoto miaka thelathini na mmoja, na mpaka leo naitwa Mwalimu. Jumamosi ile, saa nane mchana, Kiraka alikuja bila sanduku lake la nyundo na misumari. Alivaa shati lililopigwa pasi, na hakuketi.

— Nahama, alisema.

— Unahama nyumba? aliruka Spika. Nani kakufukuza?

— Nahama mtandao. Mwangwi umenishinda. Chumbani kwangu haushiki kabisa. Wiki ya tatu hii binti yangu hanipati.

Binti yake anauguza wagonjwa nchi ya mbali, na kila Jumamosi saa kumi alasiri humpigia baba yake simu ya kawaida, kisha ya video. Alipita mikononi mwangu darasa la tatu. Namba ile ya baba yake aliikariri darasani kwangu, tukiiimba kama tulivyoimba saba mara saba, ili siku akipotea sokoni ajue pa kupiga.

— Pole, kaka, alisema Spika. Njoo Pepea. Mimi niko Pepea. Juzi nimetazama mpira mzima huku namnyoa mteja, na haukukwama hata dakika moja.

— Tulimwona huyo mteja, alisema Injinia. Alitoka na kisogo kama ramani.

— Unajua nini wewe?

— Najua Tausi. Tausi ndio mtandao, mabwana. Picha inafika kabla hujaituma.

— Inafika ikitoka wapi sasa?

— Hapo ndipo wataalamu wenyewe wanapokuna kichwa.

Mama Birika alicheka hadi akamwaga kahawa kidogo kwenye makaa. Kiraka hakucheka. Aliuliza tu:

— Kwangu inashika?

— Kwako tatizo ni bati, alisema Injinia. Uliezeka lini?

— Mwaka jana.

— Si unaona! Bati jipya linayarudisha mawimbi juu. Yanagonga, yanarudi kwenye mnara yamenuna.

— Bati gani! alisema Spika. Ni misumari. Mtu unalala na sanduku la misumari uvunguni, chuma chote kile, unategemea nini? Mtandao unaingia dirishani vizuri, ukifika kitandani unaishia chini.

— Basi sanduku nitalitoa, alisema Kiraka. Kitanda nimekwisha kukisogeza.

Alisema hivyo kwa uzito wa mtu aliyeandikiwa dawa. Spika akaangalia viatu vyake.

— Na wala si misumari, Injinia aliendelea, hakuwa amemwona Spika akiinamisha macho. Ule mnara una shingo. Wanaugeuza kama feni. Mwezi huu umetazama kule kwenye maghorofa, mwezi ujao utatutazama sisi.

— Na birika langu je, linashika? aliuliza Mama Birika.

— Lina mdomo mrefu, mama. Hilo ni antena kamili.

— Ndiyo maana kahawa inasikia maneno yenu inachacha.

— Mimi nina mpaka saa kumi, alisema Kiraka.

Hapo Injinia akasimama kama mgombea.

— Tufanye jaribio la kisayansi. Kiraka, rudi chumbani kwako. Sisi hapa tuna mitandao mitatu. Spika yuko Pepea, mimi niko Tausi, Mwalimu yuko Mwangwi. Tunakupigia video mmoja mmoja. Utakaofika vizuri ndio unaohamia. Mwalimu, chora jedwali.

Nilichora. Safu ya sauti, safu ya picha, safu ya kasi. Kiraka alivuka barabara upesi, akapita nyuma ya duka la vioo kwenda kwake. Alipokwisha kupotea ndipo nilipoliona kosa. Simu zote tatu zingeingia kwenye simu moja, yenye laini ile ile ya Mwangwi. Hatukuwa tunapima mitandao mitatu. Tulikuwa tunapima chumba cha Kiraka mara tatu. Nilitaka kusema, lakini Spika alikuwa amekwisha kupiga.

Simu ilipokelewa kabla mlio wa kwanza haujaisha.

— Haloo mama! Haloo!

— Ni mimi, kaka. Spika.

— Aa. Spika. Naam, nakusikia.

Picha ilikuwa safi kama kioo kilichofutwa sasa hivi. Kitanda kilikuwa kimebanwa dirishani. Viti viwili vilielekea kwenye simu, yeye kwenye kimoja, na kwenye kile cha pili palikuwa na mto.

— Tazameni, tupime na hiki, alisema Kiraka, akainua kiatu cheupe cha kike, cha kisigino kifupi. Nimemshonea, anasimama siku nzima wodini. Nataka aone mshono kwanza, aniambie kama pembeni patambana. Mnauona mshono?

Niliuona. Ningeweza kuhesabu mishono mmoja mmoja kuzunguka ukingo. Spika naye aliuona, kwa sababu aliisogeza simu karibu na macho kabla ya kujibu.

— Ukungu, kaka, alisema. Kiatu nakiona kama samaki.

— Enhe! alisema Kiraka, na uso wake ukachanua. Nilijua! Andikeni hivyo.

Injinia akapiga. Haloo mama. Akamtumia na picha ya benchi letu. Nilihesabu moja, mbili, na kabla ya tatu Kiraka akasema imefika. Injinia alinitazama, akasema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika:

— Imechelewa sana! Mwalimu amehesabu mpaka arobaini!

Nikapiga mimi, mtandao mmoja na yeye. Kwa mara ya tatu akapokea kwa haloo mama, na kwa mara ya tatu sauti ikashuka alipotambua ni nani. Watoto wangapi niliwaambia wasiandike jibu ambalo hawakulipata? Kwenye daftari langu niliandika: Sauti, inakatika. Picha, ukungu. Kasi, arobaini.

Aliporudi alilisoma jedwali akiwa amesimama, kidole kikifuata mistari, akanishukuru.

— Kumbe si mimi, alisema. Kumbe kweli ni mtandao.

Wakati huo msichana mmoja alikuwa akipita na mwavuli na mkoba begani, mmoja wa wale wanaosajili laini mitaani. Spika alimwita kwa sauti yake ile. Msichana akatuamkia sote, akafunga mwavuli, akatoa kimashine kidogo.

— Nihamishe popote, ila namba yangu haibadiliki? aliuliza Kiraka kabla ya lolote.

— Haibadiliki, baba. Unahama nayo ile ile. Ila mfumo lazima uhakikishe ni yako. Nitajie namba tatu ulizoongea nazo karibuni.

Kiraka aliitaja ya kwanza bila kutazama simu. Namba ndefu, yenye mwanzo wa nchi nyingine. Msichana aliiandika, akasubiri, akaiandika tena.

— Hii inakataa, baba.

— Jaribu tena. Hiyo ndiyo yangu ya kila Jumamosi.

— Inakataa. Mfumo unaangalia miezi mitatu nyuma. Kama hamjaongea miezi mitatu, hauioni.

Kiraka alikuwa ametuambia wiki tatu. Mama Birika aligeuka kupuliza makaa ambayo hayakuwa yamezimika.

— Andika yangu, dada, alisema Spika taratibu. Sikujua kwamba Spika anaweza kusema taratibu. Akaitaja. Injinia akataja ya kwake, nami ya kwangu. Kimashine kikazikubali zote tatu, moja baada ya nyingine, kwa mlio mdogo wa furaha.

— Vizuri, alisema msichana. Sasa hapa naona laini yako ya sasa, kwa mtaa huu, mtandao una vijiti vyote vinne. Hapo nyuma ya duka la vioo ndipo nilipokuwa, na mimi nina laini za mitandao yote. Mwangwi ndio unaoshika kuliko wenzake.

Hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa anafanya kazi yake, na kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe.

— Sababu ya kuhama, niandike nini?

Spika alimtazama Injinia. Injinia, asiyekosa jibu tangu nimfahamu, alitazama ndani ya kikombe chake. Mimi nilifunga daftari.

— Acha wazi, mwanangu, alisema Kiraka.

— Haikubali kuachwa wazi, baba.

Msichana alisubiri kwa adabu. Pikipiki ilipita, kisha nyingine. Kiraka akatazama saa yake.

— Inakaribia saa kumi, alisema. Wacha nirudi, isije ikaita nisiwepo.

Alivuka barabara. Msichana alitungoja kidogo, akafuta alichoandika, akafungua mwavuli wake, akaenda. Kahawa ilikuwa imebaki, lakini hakuna aliyeinua kikombe.

— Tumpigie? alisema Spika. Tumpigie tu, mabwana, tuongee naye.

— Saa kumi hii? alisema Injinia. Atapokea akisema nini?

Spika akaiweka simu yake, nasi tukaweka zetu. Simu zetu tatu zilikaa kimya juu ya benchi, karibu na tofali, kila moja ikiwa na vijiti vyote vinne vya mtandao.