Bi Orpha Ratliff na Miaka Ishirini na Mitatu ya Nyumba ya Redbud

Ijumaa tarehe 30 Mei, Bi Orpha Ratliff anastaafu baada ya kuitumikia Nyumba ya Redbud kwa miaka ishirini na mitatu. Katika miaka hiyo, akina mama zaidi ya mia mbili walioacha pombe na dawa za kulevya wamekaa hapa pamoja na watoto wao, mpaka wakaweza kusimama wenyewe.

Hakuja kutafuta kazi. Alikuwa dereva wa basi la shule hapa Cutler Gap. Siku moja alileta sufuria ya maharage kutoka kanisani kwake, akakuta akina mama wanne, watoto sita na jiko lisilowaka. Alivua koti, akalitengeneza jiko. Wiki iliyofuata alirudi na mkate wa mahindi. Mwezi uliofuata tukamwajiri awe mpishi, na baada ya miaka mitatu akawa msimamizi wa nyumba.

Kila Jumatatu akina mama hupimwa mkojo kuona kama wametumia dawa, na hakuna anayeipenda siku hiyo. Bi Orpha alipoona wanainamisha nyuso, alichukua kikombe naye akapanga foleni.

"Jamani, harakisheni huko mbele!" alisema. "Mwenzenu nakaribia hamsini, kibofu hakingoji mtu!"

Hajakosa Jumatatu hata moja tangu hapo. Mwaka fulani kipimo chake kilionyesha afyuni. Kumbe jana yake alikuwa amekula vipande vitatu vya keki yenye mbegu za mpopi, mmea unaotoa afyuni! Tulicheka hadi machozi, lakini yeye alikataa kuwaendesha watoto kwa gari mpaka maabara ithibitishe kuwa ni keki tu. Kwa siku nne tukawapeleka shule kwa miguu.

Mtu mwenye msimamo kama huo, nilidhani namjua. Kisha ikaja habari ya Shawna Blevins.

Shawna alikuwa amemaliza miezi saba bila kugusa dawa, akisubiri hakimu aamue kama ataendelea kumlea binti yake Kenzie, wa miaka minne. Siku ya mazishi ya kaka yake akameza vidonge vya kulevya. Alikuja jikoni akatuambia mwenyewe. Kanuni yetu ni kwamba anayetumia huondoka siku hiyo hiyo. Mimi, mkurugenzi, nikasema aondoke, na ustawi wa jamii waje wamchukue mtoto. Nikaongeza, Shawna akisikia, kwamba watu wa namna yake hawabadiliki.

Bi Orpha alienda kumfungia Shawna begi.

"Kwa hiyo na wewe unanifukuza, Bi Orpha?"

"Nakutoa, mwanangu. Kukufukuza ni kitu kingine. Haya, panda gari."

Alimpeleka mwenyewe kwenye kituo cha matibabu, mwendo wa saa mbili. Ndipo tulipojua kwamba miaka miwili kabla, bila kumwambia mtu, alikuwa amesomea na kupata kibali cha serikali cha kulea watoto kwa muda. Ustawi wakamkabidhi Kenzie. Kwa wiki tisa mtoto alikaa kwake, na kila Jumapili alipelekwa kumwona mama yake.

Nilimuuliza kwa nini alikitafuta kibali kile.

"Lorene, kanuni inajua la kufanya na mama," alisema. "Mtoto je? Nimeshawaona watatu wakiondoka na watu wasiowajua, wanalia. Wa nne sikuweza."

Shawna alirudi, na hakimu akamwachia binti yake. Leo ana miaka kumi na minne bila dawa. Kenzie anamaliza sekondari mwezi huu. Na Jumatatu tarehe 2 Juni, msimamizi mpya wa Nyumba ya Redbud atakuwa Shawna Blevins.

Shawna nilimwomba radhi zamani. Wewe, Bi Orpha, sijawahi kukuomba, na leo nakuomba mbele ya watu wote: siku ile jikoni nilikosea. Asante kwa kutobishana nami, ukafanya lililo sawa. Nenda ukalale mpaka jua likuchome, ule keki yoyote uitakayo, na watoto uliowalea wakugongee mlango hadi uchoke kufungua.

Lorene Tackett, kwa niaba ya wafanyakazi wote